Viwambo Viwili, Mlango Mmoja: Somo la Skrini ya Kufunga

Mwaka huu mwalimu mlezi wetu alituagiza tuandike juu ya jambo ambalo mtu amelifanya kwa mikono yake mwenyewe, si lile alilolisikia tu. Mimi nimechagua kuandika juu ya tarakilishi, na hasa ile sura inayoonekana wakati tarakilishi imefungwa lakini haijazimwa, pale ambapo tarakilishi hiyo ina viwambo viwili.

Najua yuko atakayesema, "Aa, hayo si mambo ya urembo tu?" Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini urembo huo ulinifanya nimwaibishe mwanafunzi mwenzangu pasipo kukusudia. Kwa hiyo somo hili nimelilipia, nami nakupa bure.

Maneno tutakayotumia

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Katika somo hili, kiwambo ni kile chombo chenyewe kinachosimama juu ya meza, chenye waya mmoja wa umeme na mwingine wa kwenda kwenye tarakilishi. Skrini ni ile sura inayotokea juu ya kiwambo. Kiwambo unaweza kukifuta vumbi, bali skrini huwezi kuishika.

Skrini ya kufunga, basi, ni ile sura inayojitokeza mtu anapoifunga tarakilishi bila ya kuizima. Utaona saa, tarehe na picha fulani. Kazi zote ulizokuwa umezifungua bado zipo nyuma yake, zinakusubiri. Ukitaka kuzirudia huna budi kuandika nywila. Katika tarakilishi zinazotumia Windows, skrini ya namna hii yenye picha kubwa na saa ilianza na Windows 8, mwaka 2012.

Kumbuka kwamba kufunga si kuzima. Mtu aliyefunga mlango na kwenda kisimani hajaihama nyumba. Vyombo vyake vimo ndani, na moto wake pengine bado unawaka. Hiyo ndiyo sababu ya kuuangalia mlango wenyewe vizuri.

Kwa nini viwambo viwili?

Mama mdogo wangu ana saiba hapa mjini Voi, nami humsaidia siku za Jumamosi. Kazi ya saiba siku hizi si ya kuingia kwenye mtandao na kutazama habari, kwa maana watu wanazo simu zao. Wateja huja kuomba PIN ya KRA, kujaza fomu za HELB, kuchagua kozi za vyuo kupitia KUCCPS, kuingia eCitizen, ama kupiga chapa barua na kuzitoa nakala. Mteja hukaa upande mmoja wa meza, naye mama mdogo upande wa pili.

Shida kubwa ilikuwa majina. Mtu anaitwa Mghanga, fomu inaandikwa Mganga, na tangu siku hiyo serikali inamjua kama mtu wa dawa za miti shamba. Herufi moja tu ikikosekana inaweza kumrudisha mtu mara mbili au tatu kutoka Mwatate au Taveta, na kila mara ni nauli. Ili kuhakikisha jina lake, mteja alilazimika kusimama, kuizunguka meza na kurefusha shingo kama twiga wa Tsavo. Ndipo mama mdogo akanunua kiwambo cha pili, cha mtumba, akakielekeza kwa mteja. Akimaliza kujaza fomu anaisukuma kwa kipanya hadi kwenye kiwambo kile, na mteja anasoma kila herufi akiwa ameketi.

Je, tarakilishi moja hupelekaje sura mbili? Nyuma ya sanduku lake kuna matundu ya nyaya za viwambo. Kuna tundu la VGA, lenye pini 15, ambalo lilianza mwaka 1987 na bado liko kwenye viwambo vingi vya mtumba. Kuna pia tundu la HDMI, ambalo ni jembamba na bapa. Sanduku likiwa na matundu mawili yanayofanya kazi, viwambo viwili vinawezekana.

Ukishaunganisha nyaya, bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P. Utapewa njia nne:

1. Kutumia kiwambo cha kwanza peke yake.
2. Kunakili, yaani viwambo vyote viwili vionyeshe kitu kile kile.
3. Kutandaza, yaani viwambo viwili viwe kama meza moja ndefu, kila kimoja na vitu vyake.
4. Kutumia kiwambo cha pili peke yake.

Mama mdogo hutumia njia ya tatu. Ile ya pili haimfai, kwa sababu mteja angeona kila kitu, hata barua za wateja wengine.

Kiwambo cheusi

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Ukiifunga tarakilishi ya Windows ambayo viwambo vyake vimetandazwa, picha na saa hutokea kwenye kiwambo kimoja tu, kile kilichoteuliwa kuwa kikuu. Kile kingine hubaki cheusi tititi. Si kwamba kimeharibika, ndivyo Windows ilivyotengenezwa.

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu picha ya mandhari, ile inayokuwa nyuma ya kazi zako wakati umeshaingia, unaweza kuiweka tofauti kwenye kila kiwambo. Kiwambo hiki kiwe na ndovu, na kile kiwe na reli. Lakini katika mipangilio ya skrini ya kufunga hakuna mahali pa kusema, "Hii iende kiwambo cha kwanza, na hii cha pili." Unachagua picha moja, nayo inakwenda kwenye kiwambo kikuu. Basi.

Kosa langu

Wateja hawakuyajua hayo. Kila mama mdogo alipoifunga tarakilishi na kwenda kwenye mashine ya nakala, kiwambo cha mteja kiligeuka cheusi, na mteja akaanza kulalamika. "Mbona hii yangu imekufa?" Mwingine alikigonga kwa kiganja kama redio ya zamani. Mimi, kwa kuwa nimesoma somo la kompyuta hadi kidato cha tatu, nikajiona fundi. Nikamwambia mama mdogo, "Niachie mimi."

Nilikuwa na picha niliyoipiga kwa simu asubuhi moja, Mlima Sagalla ukiwa umejifunika ukungu mabegani. Nikaiweka iwe picha ya kufungia. Halafu, ili wateja waione, nikakiteua kiwambo kilichowaelekea wao kuwa ndicho kikuu. Nikafunga. Sagalla ikatokea upande wa wateja, na upande wetu pakawa peusi. Watu wakasifu. Mzee mmoja akaniambia picha ile inafaa kuwekwa kwenye kalenda. Nami kichwa kikavimba.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nilisahau kwamba picha na saa si vitu pekee vinavyotokea kwenye skrini ya kufunga. Arifa hutokea pia. Ujumbe ukiingia, Windows inaweza kuonyesha jina la aliyeutuma na maneno yake ya mwanzo, hata kama tarakilishi imefungwa, hata kama hakuna aliyeandika nywila. Na arifa huifuata skrini ya kufunga iliko. Zamani zilimtokea mama mdogo peke yake. Mimi nikawa nimezigeuza ziwatazame wateja.

Jumamosi moja ya muhula wa pili mama mdogo alikwenda kununua karatasi. Nikaifunga tarakilishi kama nilivyofundishwa, nikaenda kwenye mashine ya nakala. Wanafunzi watatu walikuwa wamekaa wakingoja zamu yao. Katika tarakilishi ile kuna programu ya WhatsApp, kwa kuwa wateja hutuma barua zao kwa njia hiyo ili zitolewe. Ujumbe ukaingia kutoka kwa mama mmoja. Alikuwa anaomba atolewe barua ya chifu ya kuombea basari, kwa maana mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Maneno hayo yakakaa juu ya Sagalla yangu, na jina la mama huyo juu yake.

Mmoja wa wale watatu akayasoma kwa sauti. Wakacheka. Nikakimbia kukifunika kiwambo kwa mikono, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Jumatatu, kabla ya mwenzetu huyo kurudi shuleni, habari zake zilikuwa zimemtangulia darasani. Alipokuja Alhamisi alikuta ameshapewa jina la utani. Wiki hiyo wakati wa chakula cha mchana alikuwa akikaa peke yake, nyuma ya tangi la maji.

Mama mdogo alinichukua tukaenda kwa mama yule kuomba radhi. Hakutugombeza. Alisema, "Mwanangu, mimi sikuona haya kuomba. Niliona haya kusomwa." Tukiwa njiani kurudi, mama mdogo alikuwa kimya, kisha akaniambia, "Uliipamba nyumba ukasahau pazia." Maneno yale yaliniingia kuliko fimbo.

Nilimwendea pia mwenzangu, nikamweleza kuwa aliyekigeuza kiwambo ni mimi. Alinyamaza, kisha akaniuliza swali moja tu, "Na sasa umerekebisha?" Makala haya nimemwonyesha kabla ya kuyapeleka kwa mhariri. Amekubali yachapishwe, mradi jina lake lisitajwe. Na jibu la swali lake ndilo hili linalofuata.

Hatua kwa hatua

Kabla ya kugusa kipanya, kaa kwenye kiti cha kila kiwambo ujiulize, "Anayeketi hapa ni nani, na anastahili kuona nini wakati mimi sipo?" Ukishalijibu hilo, hatua zilizobaki ni nyepesi.

Hatua ya 1: Kuteua kiwambo kikuu. Bonyeza kitufe cha dirisha pamoja na herufi I, mipangilio itafunguka. Ingia sehemu ya mfumo, halafu ya viwambo. Utaona miraba miwili yenye namba 1 na 2. Kama hujui ipi ni ipi, kuna kitufe cha kutambulisha. Ukikibonyeza, kila kiwambo kitaandika namba yake kwa herufi kubwa. Chagua kile kinachokuelekea wewe mwenye kazi, shuka chini penye habari za viwambo vingi, kisha tia alama kwamba hicho ndicho kikuu. Kinachowaelekea watu kisiwe kikuu.

Hatua ya 2: Kuzizima arifa. Katika sehemu hiyo hiyo ya mfumo kuna mahali pa arifa. Ndani yake mna alama ya kuruhusu arifa zionekane kwenye skrini ya kufunga, na nyingine ya vikumbusho na simu zinazopigwa kwa intaneti. Ondoa zote mbili. Ujumbe hautapotea. Utaukuta ndani ukishaandika nywila.

Hatua ya 3: Kuchagua picha. Rudi kwenye mipangilio, ingia sehemu yenye alama ya brashi ya rangi, kisha skrini ya kufunga. Hapo utachagua moja kati ya mambo matatu: picha zinazoletwa na Windows yenyewe kupitia intaneti, picha yako moja, au picha nyingi zinazobadilishana. Chini yake kuna mahali pa kuamua kama vitu vingine, kwa mfano hali ya hewa au kalenda, vionekane pia. Kalenda naishauri uiache. Miadi ya mtu ni siri yake.

Hatua ya 4: Kuficha anwani. Kwenye sehemu ya akaunti, penye njia za kuingilia, kuna alama ya kuonyesha anwani ya barua pepe kwenye ukurasa wa nywila. Izime. Kwa nini mpita njia ajue nusu ya ufunguo wako?

Hatua ya 5: Kufunga kweli. Picha nzuri haisaidii kitu kama hufungi. Kila unapoinuka bonyeza kitufe cha dirisha pamoja na herufi L. Ni kazi ya sekunde moja. Kwa wale tunaosahau, kuna njia ya kuunganisha simu na tarakilishi kwa Bluetooth, ili ukiondoka na simu yako mfukoni, tarakilishi ijifunge yenyewe baada ya muda mfupi. Njia hii ilianza katika Windows 10 mwaka 2017. Hata hivyo usiitegemee peke yake, kwa sababu haijifungi papo hapo, na huo muda mfupi wamtosha mtu mwenye macho.

Hatua ya 6: Kujaribu. Hii ndiyo hatua niliyoiruka. Ifunge tarakilishi, chukua simu yako, ujitumie ujumbe mwenyewe. Kisha nenda ukakae kwenye kiti cha mteja utazame. Ukiona hata neno moja la ujumbe ule, rudi hatua ya 2.

Na kile kiwambo cheusi cha mteja? Tumekiacha kiwe cheusi. Mama mdogo alikata kipande cha kadi, akaandika kwa kalamu nzito: TUMEFUNGA KIDOGO, HAIJAHARIBIKA. Akakibandika chini ya kiwambo. Tangu siku hiyo hakuna aliyekigonga. Weusi ule niliouona kuwa kasoro, kumbe ndio pazia lenyewe.

Hesabu ya picha

Sasa tuje kwenye urembo, kwa maana urembo si dhambi ukishaweka pazia. Wengi huweka picha kisha wanashangaa kichwa cha ndugu yao kimekatwa. Sababu ni umbo. Picha huhesabiwa kwa nukta, upana mara urefu wa kwenda juu. Simu yangu hutoa picha ya nukta 4000 kwa 3000. Kiwambo cha mama mdogo ni cha nukta 1920 kwa 1080, yaani uwiano wa 16 kwa 9. Kile cha mtumba ni cha nukta 1280 kwa 1024, yaani 5 kwa 4, kinakaribia mraba.

Kiwambo cha 16 kwa 9 kikijazwa na picha yangu, upana wote wa nukta 4000 unatumika, lakini urefu unaohitajika ni 4000 × 9 ÷ 16, yaani nukta 2250. Picha ina 3000. Kwa hiyo nukta 750 zinakatwa, 375 juu na 375 chini, picha ikiwekwa katikati. Nukta 375 katika 3000 ni thumni. Kanuni basi ni hii: unapopiga picha ya kuweka kwenye kiwambo kipana, usiweke kitu cha maana katika thumni ya juu wala thumni ya chini. Kilele cha Sagalla kiache nafasi ya mawingu.

Kwenye kiwambo cha 5 kwa 4 mambo hugeuka. Urefu wote wa nukta 3000 unatumika, na upana unaohitajika ni 3000 × 5 ÷ 4, yaani 3750. Zinakatwa nukta 250, yaani 125 kila ubavu. Ni kidogo tu, isipokuwa kama mtu amesimama pembeni kabisa.

Pia kumbuka saa. Katika Windows 10 saa hukaa chini upande wa kushoto, na katika Windows 11 hukaa juu katikati. Mahali hapo pawe na rangi tulivu, kama vile anga, ili tarakimu zisomeke. Kama unataka picha za kwetu, hazikosekani. Jiwe la Mudanda katika Tsavo Mashariki ni refu kwa ubavu, linakipendeza kiwambo kipana. Mlima Kasigau ukiwa peke yake uwandani unafaa kuwekwa katikati. Ziwa Chala linatoa rangi moja pana ya maji, na saa itasomeka vizuri juu yake.

Bali picha za watu uwe na hadhari nazo. Skrini ya kufunga huonekana na kila mtu kabla ya nywila. Ukiweka picha ya darasa lenu pale, umeibandika ukutani barabarani. Waulize kwanza.

Katika maabara yetu

Huenda ukauliza, haya yanatuhusu vipi shuleni? Maabara ya kompyuta ina tarakilishi ya mwalimu iliyounganishwa na projekta ya ukutani. Projekta ni kiwambo cha pili! Mwalimu akiitwa ofisini, akifunga, skrini ya kufunga inaweza kutokea ukutani mbele ya wanafunzi arobaini, pamoja na arifa zake, kama projekta imenakiliwa au imeteuliwa kuwa kikuu. Walimu wetu wapendwa, tafadhali mjaribu hatua ya 6.

Tukumbuke tena kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na tarakilishi nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11. Baadhi ya watu wamehamia Ubuntu, ambayo ni ya bure na ilianza mwaka 2004. Jina lake ni neno la Kibantu la kusini mwa Afrika, ndugu wa utu wetu. Huko mambo ni tofauti kidogo. Skrini yake ya kufunga huichukua picha ya mandhari na kuitia ukungu, na viwambo vyote viwili huvaa ukungu huo badala ya weusi. Saa na mahali pa nywila hukaa kwenye kiwambo kikuu. Kwa hiyo anayetaka viwambo vyote vipendeze huko atafurahi. Lakini arifa zipo huko pia, na pa kuzizima ni kwenye mipangilio, sehemu ya arifa. Mlango ukibadilishwa, pazia bado lahitajika.

Sheria yasemaje?

Nilidhani aibu iliyompata mwenzetu ni jambo la adabu tu. Mwalimu wetu wa historia akanionyesha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 31. Kinampa kila mtu haki ya faragha, zikiwemo habari za jamaa yake na mambo yake ya kibinafsi kutofichuliwa pasipo sababu, na mawasiliano yake kutoingiliwa. Tena iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayomtaka anayeshika habari za watu azilinde. Haisemi kwamba wanaohusika ni mabenki na makampuni makubwa peke yake. Saiba yenye meza moja inashika namba za vitambulisho, tarehe za kuzaliwa na barua za chifu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na saiba ndiyo kata ya mtaa.

Tamati

Ndugu msomaji, tumeona kwamba viwambo vyaweza kuwa viwili lakini mlango ni mmoja, na mlango huo ni ile skrini ya kufunga. Uamue kwanza unamtazama nani, uzime arifa, ndipo uupake rangi. Mimi nilianza na rangi. Yule mama hajarudi dukani kwetu mpaka leo, ingawa tukikutana njiani huitikia salamu. Mwenzetu amerudi kukaa nasi wakati wa chakula cha mchana. Jina lile la utani bado husikika mara moja moja, nanyi mnaolitumia mnajijua. Ningewaomba mliache. Mimi kiwambo nimekwisha kukigeuza, na ndimi ni kazi yenu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya kuifunga tarakilishi na kuizima.
2. Kwa nini kiwambo cha pili huwa cheusi katika Windows viwambo vinapotandazwa? Je, ni kasoro?
3. Picha ina nukta 3200 kwa 2400. Ikijaza kiwambo cha 16 kwa 9, zitakatwa nukta ngapi juu na ngapi chini?
4. Mapokezi ya ofisi fulani yana viwambo viwili, kimoja cha karani na kimoja cha wageni. Kipi kiwe kikuu? Toa sababu mbili.
5. "Nyumba njema si mlango." Jadili methali hii kwa kurejelea somo ulilosoma.

(Jibu la swali la 3: nukta 300 juu na 300 chini. Usitazame kabla ya kukokotoa!)

Wasalaam,
Mwanachama wenu, Kidato cha Tatu